Kamashini ka Papa na Stesheni ya Mwisho

Kwako Papa, uliyelala Kalemie huku ukitaka kulala Mpala,

Najua barua kwa mzazi huanza na salamu, nami nitakusalimu, lakini acha kwanza niteme hiki kilicho mdomoni. Juzi ile kampuni yako imeandika. Wamekuandikia wewe, kwa anwani yako ambayo siku hizi inaingia kwenye simu yangu. Wanakushukuru. Wanasema kamashini kako ka michezo kanasherehekea siku ya kuzaliwa, na kwamba wewe ni mmoja wa familia yao kubwa. Chini wameweka picha ya keki. Papa, keki! Watu waliokanyonga kale kamashini kwa mikono yao wenyewe ndio leo wanaokakatia keki. Nilikuwa nakula ugali na dagaa. Nikaisukuma sahani, nikatoka uani.

Kuwaandikia wao nimekwisha kujaribu, na utasikia walichonijibu. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na atakayesoma asome.

Ulikuwa fundi wa reli. Nakukumbuka na kombinezo lako la kazi la bluu, na mikono iliyonuka mafuta ya mashine hata Jumapili kanisani. Lakini treni ya Kabalo ilikuwa inaondoka siku ikijisikia. Mara mvua imebeba tuta, mara injini ni moja na nayo imelala, na nyinyi mafundi mnakwenda atelye, karakana yenu, kufuta vifaa ambavyo havikuchafuka. Ndipo Mama Sifa, jirani yetu anayevuka ziwa kufuata bidhaa Kigoma, akarudi na katoni ya redio kuukuu, na chini ya zile redio kulikuwa na kale kamashini ka kuchezea: kioo chembamba, vifungo kila upande, kanaenea kwenye viganja viwili. Yeye alidhani ni simu iliyoharibika. Wewe ulikageuza, ukatazama skrubu zake ndogo, ukapitisha ukucha kwenye ukingo wake.

"Huyu muntu alitengeneza hii kintu," ulisema, "aliipenda."

Maneno yale nayakumbuka kila siku, na kila siku yananichoma. Kwa sababu ulisema kweli. Kalitengenezwa vizuri. Mtu fulani huko mbali alikaa akafikiria vidole vyako kabla hajakujua. Halafu wenye kampuni wakaja wakamtupa jongoo na mti wake.

Kupitia Mama Sifa ukajuana na Rama, kijana fundi wa simu wa Kigoma aliyekuwa anapenda tumashini twa namna ile kuliko chakula. Rama ndiye aliyekununulia mchezo wa reli kwenye duka la kampuni la mtandaoni, kwa jina lako, kihalali kabisa, kwa sababu hukutaka cha wizi. Mchezo wenyewe unakupa nchi tupu. Unatandika reli, unajenga madaraja, unaweka stesheni, kisha unaendesha treni yako. Basi, tukakupoteza! Mtu mzima, fundi mwenye heshima zake, kwenye kiti cha kamba mbele ya mlango, ameinamia kitu cha watoto. Waliopita walikuchokoza.

"Papa Treni, leo umefika wapi?"

Nawe bila kuinua kichwa: "Niko naingia Nyunzu. Muniache kwanza, hapa iko na kona mubaya."

Tuligawana kazi, unakumbuka? Wewe ulitandika, mimi nilitoa majina. Mchezo uliweka kisanduku cheupe juu ya kila stesheni mpya, na wewe hukukigusa hata mara moja. Ulinipa mashine mikononi, ukasema, "Mama, andika." Uliniita Mama kwa kuwa nabeba jina la mama yako wa Mpala. Nilipokuuliza kwa nini huandiki mwenyewe, ulijibu kwamba fundi hatoi jina. "Jina inatolewa na ule atakayeshuka pale." Basi nikaandika Niemba, Nyunzu, Kabalo. Palipobaki nafasi nikaandika Kwa Mama Sifa, na stesheni moja iliyokaa katikati ya kinamasi nikaipa jina la mwalimu wangu wa hesabu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Na kila tulipofika mahali ulinyoosha mgongo, ukatangaza kama shefu, mkuu wa stesheni: "Watu wa Kabalo, tumefika. Musisahau mizigo yenu."

Nikakuuliza, na Mpala? Ulikozaliwa hakuna stesheni?

"Kule muzungu hakuleta reli," ulisema. "Alileta misa tu." Kisha ukaacha kucheka. "Ile milima inaingia mpaka ndani ya maji, Mama. Kazi yake si ya leo."

Sasa ngoja nifike kwenye uchafu wao.

Kwanza waliacha kuleta michezo mipya. Ukasema wanajipanga. Halafu wakaacha kutengeneza zile kadi za kuhifadhia, kadi ambazo walizitengeneza kwa umbo lao peke yao ili usiweze kuweka ya mwingine yeyote. Ukasema zilizopo zitatosha. Halafu betri. Halafu wakatangaza kwamba hata duka lenyewe la mtandaoni litafungwa. Kila mwaka walikuwa na siku yao ya kuonyesha mambo mapya, na wewe siku hiyo ulioga mapema, ukavaa shati jeupe lililopigwa pasi, ukaenda kutazama kwenye simu kubwa ya Mama Sifa. Shati jeupe, Papa! Kama mtu anayekwenda kuposa. Wale watu walipanda jukwaani na meno yao, wakaonyesha mashine kubwa za sebuleni, wakapigiana makofi wenyewe kwa wenyewe. Kamashini kako hawakukataja. Si kwa wema, si kwa ubaya. Ulikaa mpaka picha ikakatika, ukasema, "Mwaka kesho watakumbuka." Ukavua shati, ukalikunja vizuri, ukaliweka kwa ajili ya mwaka kesho.

Mimi nilisikia kinyaa siku ile ile, nawe ukanikemea. Ulisema hata reli yetu imetupwa, na watu hawaachi kuipaka mafuta. Leo nakujibu. Reli yetu ilipigwa na vita na mafuriko. Wale hawakupigwa na chochote. Walikula wakashiba, wakaketi kwenye viyoyozi, wakaangalia watu waliowapenda kwa moyo mmoja, wakasema hawa hawatoshi. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau ana sababu: amebebeshwa mzigo. Wale walibebwa.

Na nyinyi mliowabeba mlikuwa na kikundi chenu kwenye simu, Rama ndiye aliyekianzisha, mkakiita Waliobaki. Mwanafunzi wa Bujumbura, muuguzi wa Mwanza, watu wa nchi ambazo hukuweza kuzitamka, na wewe, mzee kuliko wote. Mlifundishana kusafisha vifungo kwa pamba. Mliambiana betri gani ya kitu kingine ukiichonga kidogo inaingia. Nilizoea kuwacheka. Sasa siwacheki.

Ulipougua kifua, ulikaomba kamashini kako hospitalini. Nilikuletea, na kila mchana nilikukuta umekishikilia kioo karibu na uso kwa sababu macho yalikuwa yamechoka. Ulikuwa na kazi humo siku kadhaa, hukutaka nione. Siku ya mwisho niliyokusikia ukiongea vizuri ulinirudishia ukasema, "Mama, nimekuwekea stesheni moja. Utaona mwenyewe." Nikasema nionyeshe sasa. Ukasema, "Bado. Namaliza daraja."

Ukamaliza, au hukumaliza, sikujua. Ulikufa.

Ulisema uzikwe Mpala, karibu na mama yako. Tulijaribu, Papa. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na ziwa wiki ile lilikuwa limekasirika. Wenye maboti waliangalia mawimbi, wakaangalia sanduku, wakatikisa vichwa. Tulisubiri mpaka mwili haukuweza tena kusubiri. Tukakulaza hapa Kalemie, kwenye makaburi ya kilimani, na Baba mukubwa, kaka yako, alipofika kutoka Mpala siku chache baadaye kwa mtumbwi wa injini, alisimama juu ya udongo ule akasema neno moja tu: "Ugenini." Neno hilo liliniingia, halijatoka.

Kisha ikafuata desturi. Unaijua kuliko mimi. Vitu vya marehemu havishikwi mpaka wakubwa wa ukoo wakae, wavitoe, wavigawe mbele ya watu. Kombinezo lako, viatu vyako, bisibisi zako, shati jeupe, kamashini, vyote viliingia kwenye sanduku la bati, na Baba mukubwa akaweka ufunguo shingoni. Wakubwa wengine walikuwa njiani kutoka Mpala na Moba. Watu wa kilio walijaa uani, paneli yetu ya jua ikachaji simu za kila mtu, hata za watu tusiowajua, na ndani ya sanduku lile betri yako ikawa inakwisha kidogo kidogo gizani. Hakuna aliyekosa adabu. Kila mtu alifanya kilicho sawa. Hilo ndilo linalonitia uchungu, kwamba desturi nzuri ya watu wazuri ndiyo iliyokutana na mashine ya watu wale.

Siku ya kugawa, Baba mukubwa alikatoa kale kamashini kwa vidole viwili.

"Na hii ya kuchezea?" Watu wakacheka. Akanitazama, akaacha kucheka kabla ya wengine. "Hii njo ya Mama. Apewe."

Nilikachaji mchana kutwa. Kakawaka! Nikapiga kigelegele peke yangu. Nikabonyeza picha ya treni. Kioo kikawa cheusi, yakaja maneno: ruhusa ya mchezo huu imekwisha, ungana na duka ili tukuhakikishe. Nikaunganisha. Duka halipo, limefungwa. Rama alinieleza baadaye: saa ya ndani ndiyo inayoikumbusha mashine kwamba ulinunua. Betri ikifa kabisa, saa inasimama, nayo inasahau kwamba ulilipa, mpaka iende kuwauliza wenyewe. Na wenyewe wameshafunga mlango wakaenda zao.

Wewe uliyeshika vyuma maisha yako yote, umewahi kuona kitu kama hicho? Ununue sufuria sokoni, upikie miaka, halafu siku moja sufuria ikatae kuchemka mpaka mwenye duka aitikie! Na mwenye duka amehama! Nilikageuza kale kamashini mikononi. Ndani yake kulikuwa na reli yako yote na ile stesheni uliyoniwekea, na kati yangu na wewe alikuwa amesimama mtu wa mbali asiyejua hata kama tumefiwa.

Niliwaandikia. Nilieleza kwa adabu zote, nikasema baba yangu amekufa, nataka kuona alichokiacha. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini, kwa hiyo halikuandikwa na binadamu. "Tunafurahi kusikia kuhusu furaha yako." Halafu wakanishauri ninunue mashine yao mpya. Nililisoma kwa Baba mukubwa. Alitema mate chini, mzee yule wa kanisa, kisha akafukia mate kwa kiatu.

Nikavuka ziwa na Mama Sifa. Rama amenenepa, Papa, na ameweka picha yako dukani kwake, ile ya shati jeupe. Alikapokea kamashini kako kwa mikono miwili.

"Pole sana, dada. Mzee alikuwa mtu wetu," alisema. "Hili si tatizo. Kuna watu wameandika programu ya kuidanganya mashine, ione duka lipo. Waliobaki wenyewe wameandika, bure, wala hawajawahi kuonana."

Aliingiza waya, akafanya yake, na mimi nikanywa chai. Mwishowe uso wake ukawa mzito. Mchezo umefunguka, alisema, lakini kadi imechoka. Nyingine kama hiyo haipatikani, hata yeye ameitafuta kila mahali, na kilichomo hakitaki kunakiliwa. "Angalia tu, dada. Usihifadhi kitu kipya. Ukihifadhi, sijui kama itaamka tena."

Nilirudi nyumbani bila kukafungua njiani. Alasiri ile nilitoa kiti chako cha kamba mlangoni, nikakaa. Baba mukubwa alikuja akasimama nyuma yangu.

Reli yako ilikuwapo, Papa. Nilianzia Kabalo. Nikapita Nyunzu, kona mbaya ikiwa bado pale pale. Nikapita kwa mwalimu wa hesabu kinamasini. Nikaingia Kalemie, ambako siku zote tuliishia, na reli haikuishia. Ilipinda kusini. Ulikuwa umeitandika pembeni mwa maji, chini ya milima, daraja baada ya daraja, kazi ambayo sielewi mtu mwenye pumzi ile aliifanyaje. Ikafika mahali mto mdogo unapoingia ziwani, na pale palikuwa na stesheni yenye paa jekundu. Juu yake kisanduku cheupe, kitupu, kikipepesa.

Baba mukubwa aliinama mpaka nikasikia pumzi yake shingoni.

"Ona mudomo ya muto," alisema. "Ona ile kilima. Mama, hii njo kwetu." Akavua kofia.

Nilikaa na kile kisanduku kitupu nikielewa ulichoniwekea. Jina hukuliandika kwa sababu ilikuwa kazi yangu. Na kazi yangu sikuweza kuifanya, kwa sababu kampuni fulani iliamua kwamba kadi ndogo kama ukucha haina faida tena. Nikiandika, pengine nitaua kila kitu. Nisipoandika, nitabaki na reli nzima na wewe umesimama mwisho wake, mahali pasipo jina, ugenini mara ya pili. Papa, sijawahi kumchukia mtu nisiyemwona namna ile.

"Rama alisema niangalie tu," nilimwambia Baba mukubwa.

Alikuwa bado ameshika kofia kifuani. "Baba yako alikuwa anasema nini juu ya mashine ya kuwekwa tu bila kazi?"

Nilijua. Ulisema hata kwa injini zenu, kila mara: mashine ya kuwekwa inakufa kabla ya ile inayofanya kazi.

Nikaandika. M, p, a, l, a. Nikabonyeza. Taa ndogo ya pembeni ikapepesa muda mrefu sana, Baba mukubwa akaanza Salamu Maria kwa sauti ya chini, na hakuwa ameimaliza taa ilipotulia. Imehifadhiwa, kioo kikasema. Nikaendesha treni ule mwendo mfupi uliobaki, polepole, nikaisimamisha chini ya paa jekundu. Nikanyoosha mgongo. Nikatangaza, na Mama Sifa alinisikia ng'ambo ya ua: "Watu wa Mpala, tumefika. Musisahau mizigo yenu."

Baba mukubwa alivaa kofia yake. Alisema atawaambia wakubwa kule nyumbani kwamba umekuja.

Siku ya pili kadi haikusomeka. Rama amejaribu, Waliobaki wamejaribu, haisomeki. Nilidhani nitalia, sikulia. Kinyaa changu kwa wale watu kipo na nitakufa nacho. Keki yao nimeifuta, na anwani yako nimeiondoa kwenye familia yao kubwa, kwa maana familia yako ni hii hapa na iko hai. Walifunga duka, walifunga kadi, wakajitia hamnazo. Wafunge na kilichobaki. Wamechelewa, Papa. Ulikuwa umeshashuka.

Nisalimie yule ninayebeba jina lake.

Ni mimi binti yako,
uliyeniita Mama